Tanga na Dar es Salaam: Umbali wa Angani na Muda wa Safari

Kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 200 za angani. Kwa barabara ya lami inayopita Muheza, Segera na Chalinze, miji hiyo imeachana kwa kilomita 350 na ushei. Ndege ndogo isiyotua njiani huumaliza umbali wa kwanza kwa dakika kama 50. Basi huumaliza wa pili kwa saa sita, na foleni ya Dar es Salaam ikikaza, zaidi ya hapo. Safari inayoelezwa hapa ilianzia Raskazone, rasi iliyo mashariki ya mji wa Tanga, na ilikuwa ya kwenda kwa ndege na kurudi kwa basi, jambo lililompa mwandishi nafasi ya kuzipima njia zote mbili.

Umbali wa angani baina ya miji hii unaweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi. Tanga iko digrii 5 na dakika 4 kusini mwa ikweta. Dar es Salaam iko digrii 6 na dakika 49. Kwa upande wa mashariki na magharibi zimeachana kidogo mno, kwani zote ziko digrii 39 na dakika kadhaa mashariki ya Greenwich, hivyo anayetoka moja kwenda nyingine huelekea karibu kusini tupu. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Tofauti ya digrii 1 na dakika 45 ni dakika 105, nazo ni maili 105 za baharini, au kilomita 194. Zikipimwa kutoka uwanja hadi uwanja badala ya kati hadi kati ya mji, zinakaribia 200, kwa sababu uwanja wa Dar es Salaam umekaa kusini-magharibi ya katikati ya jiji. Manahodha na marubani wameshika maili ya baharini kwa sababu hiyohiyo: ramani yenyewe inakuwa rula.

Kwa kipimo hicho hicho, kutoka Tanga hadi uwanja wa Unguja ni kilomita 126 hivi, na hadi uwanja wa Pemba ni 84 tu. Mombasa iko kilomita 130 kaskazini. Tarakimu hizi zina mambo mawili ambayo ramani ya kiutawala huyaficha. Kwanza, Pemba iko karibu zaidi na Tanga kuliko ilivyo karibu na Unguja, kwani visiwa hivyo viwili vimeachana kwa kilomita 125 uwanja hadi uwanja. Pili, Mombasa, iliyo nchi nyingine, iko karibu zaidi na Tanga kuliko Dar es Salaam. Watu wa pwani hii walilijua hilo kabla ya kuwapo mipaka. Ndoa, biashara na madrasa ziliufuata ukaribu huo, na hata leo si ajabu familia ya Tanga kuwa na shangazi Wete na binamu Likoni huku haina ndugu yeyote Dar es Salaam.

Kinachofanya barabara iwe karibu maradufu ya njia ya ndege si milima. Ni mito, mbuga na historia. Pwani kati ya Tanga na Bagamoyo imekatwa na Mto Pangani na Mto Wami, na katikati yake iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako mbuga inagusa bahari. Nao Wajerumani walipoanza kujenga reli mwaka 1893, hawakuielekeza kusini. Waliitoa bandarini Tanga, wakaipitisha Muheza na Korogwe kuyatafuta mashamba ya Usambara, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mkonge, kahawa na mbao vilikuwa bara, na bandari ya kuvipakia ilikuwa Tanga yenyewe. Hapakuwa na haja ya kwenda Dar es Salaam. Reli ya Tanga na Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam, zilikaa kama nchi mbili zisizojuana hadi mwaka 1963, zilipounganishwa kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Barabara kuu nayo ilifuata mkondo huo: inatoka Tanga ikielekea magharibi kiasi cha kilomita 75 hadi Segera, ndipo inakata kusini kwa kilomita 175 hivi hadi Chalinze, kisha inageuka mashariki kwa zaidi ya kilomita 100 kuitafuta bahari tena.

Mzunguko huo una gharama ya kushangaza. Segera iko bara, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni kilomita 185 au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba abiria aliyetoka Tanga, akaendeshwa zaidi ya saa moja, akavuka Muheza na kushuka Segera kununua maji, ameisogelea Dar es Salaam kwa kilomita kumi na ushei tu.

Ndege zinazohudumia Tanga ni za injini moja ya panga boi, aina ya Cessna 208 Caravan, ndege iliyorushwa mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo leo ndiyo daladala ya anga ya Afrika Mashariki. Inabeba abiria 12 au 13, inaridhika na njia fupi ya kurukia, na chini ya tumbo lake kuna sanduku la mizigo. Kampuni za Coastal Aviation na Auric Air zimekuwa zikiitumia kwenye mstari wa Tanga, Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Ikishatulia angani huenda kiasi cha kilomita 300 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 200 ni dakika 40. Lakini hakuna ndege inayoanza na mwendo huo wala kuishia nao: kuna kutambaa ardhini, kupaa, kuzunguka ili kuingia kwenye mstari wa kutua, na kutambaa tena. Kwa Caravan, hayo huongeza kama dakika kumi, iwe safari ni ndefu au fupi. Ndiyo sababu safari fupi huonekana ya polepole kuliko ndefu: Tanga hadi Pemba ni dakika 17 kwa hesabu ya mwendo tu, ila ratiba itasema 25.

Upepo nao una neno lake. Kwenye kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kwenye kusi, unaotawala kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, ndege ndogo husaidiwa upande mmoja na kuzuiwa upande wa pili. Ikiwa upepo unaipinga kwa noti 20, yaani kilomita 37 kwa saa, mwendo wake juu ya ardhi hushuka hadi 263, na dakika 40 zinakuwa 45. Ukiisukuma kwa nguvu hiyohiyo, zinakuwa 35. Tofauti ya dakika kumi kati ya kwenda na kurudi haimnyimi abiria usingizi. Kwa jahazi, upepo huohuo ulikuwa ndio ratiba yenyewe: kutoka Tanga hadi Unguja ni maili 68 za baharini, na jahazi linalokwenda noti tano kwa upepo mzuri huchukua saa 13 au 14; upepo ukiwa mbaya, nahodha hungoja.

Jambo linaloathiri zaidi muda wa safari ni vituo. Ndege ya watu 12 haijazwi na mji mmoja, kwa hiyo huokota abiria hapa na pale. Ikitoka Tanga ikatua Pemba, kisha Unguja, ndipo Dar es Salaam, itakuwa imesafiri kilomita 84, halafu 125, halafu 73, jumla 282. Hapo mstari ulionyooka umekwisha kazi. Ukijumlisha vipindi vitatu vya angani na robo saa au zaidi katika kila kituo, safari ya dakika 50 inakaribia saa mbili. Tovuti zinazokokotoa umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili hazina habari na hilo. Zinapima nyuzi kutoka nukta hadi nukta na kugawa kwa mwendo wa ndege kubwa ambayo haijawahi kutua Tanga. Jibu lao kwa Tanga na Dar es Salaam, mara nyingi nusu saa au chini yake, ni la hisabati, si la usafiri.

Raskazone, ilikoanzia safari hii, ni mahali pazuri pa kuanzia chochote. Barabara yake inapita chini ya miti mikubwa, kati ya nyumba za zamani zenye baraza pana, na upande wa kaskazini ghuba ya Tanga inaonekana pamoja na Kisiwa cha Toten na meli zinazongoja zamu ya bandari. Hoteli ya Mkonge na klabu za kuogelea ziko hapo, na jioni watu hujaa kupunga upepo. Ni hapo pia, tarehe 2 Novemba 1914, majeshi ya Uingereza yaliyoletwa kwa meli kutoka India yalipoanza kuteremka ili kuiteka Tanga. Yalikuwa na watu wapatao 8,000. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwakabili na watu wapatao elfu moja, askari Waafrika wakiwa ndio wengi, na sehemu kubwa yao ililetwa kwa treni kutoka Moshi, kilomita zaidi ya 350, wakati washambuliaji bado wanajipanga ufukweni. Meli zilikuwa zimevuka Bahari ya Hindi yote kwa zaidi ya wiki mbili. Ziliposimama, umbali mfupi wa kutoka Raskazone hadi stesheni ukawashinda. Nyuki waliowavamia askari wakati wa mapigano wamepewa sifa kubwa katika masimulizi ya vita hivyo, kubwa kuliko reli. Reli ndiyo iliyostahili.

Uwanja wa ndege uko upande wa pili wa mji, magharibi. Kutoka Raskazone ni kilomita saba au nane, na bajaji huzimaliza kwa dakika 20 bila kukimbizana. Tanga ni mji wa baiskeli na wa barabara zilizonyooka. Asubuhi msongamano pekee ni wa wanafunzi. Mtu anaweza kutoka ufukweni hadi kwenye ndege kwa muda mfupi namna hiyo, na hilo lihesabiwe kuwa sehemu ya muda wa ndege.

Uwanjani mambo ni ya kiasi. Abiria hupimwa kwenye mizani pamoja na begi lake, mbele ya wenzake, kwa sababu rubani wa Caravan anapaswa kujua uzito wote na mahali ulipokaa. Begi linalokubalika kwa kawaida ni la kilo 15, na laini linapendwa kuliko sanduku gumu, maana linakunjika kuingia tumboni mwa ndege. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka samaki wakavu kwa wanawe aliambiwa amezidisha kilo tatu. Akafungua kikapu, akamgawia kijana wa bodaboda aliyemleta, akapima tena. Rubani alisoma majina, akaeleza mikanda na milango mwenyewe, kisha akamwita mtu mmoja akae kiti cha mbele kando yake, kiti ambacho kwenye ndege kubwa ni cha rubani msaidizi. Kiti hicho hakina malipo ya ziada na hakuna kilicho bora zaidi katika usafiri wa anga wa nchi hii.

Ndege ilipopaa iligeuka mashariki, ikapita juu ya mji wenyewe. Kutoka juu, ghuba ya Tanga inajieleza: mlango mwembamba, maji yaliyotulia ndani, rasi ya Raskazone upande mmoja na Chongoleani upande wa pili. Chongoleani ndiko litakakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, na matenki yake yanaonekana waziwazi toka angani. Nyuma, upande wa bara, mashamba ya mkonge yamechorwa kwa mistari, mengine yakiwa yamemezwa na vichaka. Kisha chini kukawa bahari tupu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na rangi yake hubadilika ghafla kutoka kijani ya miamba kwenda buluu nzito bila hatua ya kati.

Pemba iliingia kwenye kioo kabla sikio halijazoea ngurumo ya injini. Kisiwa hicho kina mikoko pembezoni na vilima vya mikarafuu katikati, na uwanja wake uko upande wa Chake Chake. Walishuka wanne, wakapanda sita, na mizigo ikapangwa upya. Kutoka hapo hadi Unguja ndege ilikwenda kusini-magharibi, ikaukuta mnara wa taa wa Nungwi, ikafuata ufukwe wa magharibi pamoja na Tumbatu hadi ukaonekana Mji Mkongwe na mabati yake yenye kutu. Kipande cha mwisho, Unguja hadi Dar es Salaam, ni kilomita 73. Rubani huwa hajamaliza kupaa vizuri kabla ya kuanza kushuka.

Siku ambayo ndege inakwenda moja kwa moja, mandhari ni mengine. Huonekana mlango wa Mto Pangani na maji yake ya kahawia yakiingia baharini, kisha kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti ya mivinje na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa bahari inapojaa. Huja Saadani na mashamba ya chumvi, halafu mlango wa Wami, halafu Bagamoyo. Abiria anayejua barabara hutazama kushoto na kulia akiitafuta, asiione. Iko mbali sana bara.

Ndege ndogo huishia Jengo la Kwanza la uwanja wa Julius Nyerere, jengo kongwe lililo mbali na Jengo la Pili na la Tatu. Anayeunganisha na ndege ya nje ya nchi, inayotoka Jengo la Tatu lililofunguliwa mwaka 2019, ajue kwamba hawezi kutembea kwa miguu na mizigo kutoka moja hadi jingine. Atahitaji gari na muda wa ziada. Kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji ni kilomita kama 12 kwa Barabara ya Nyerere. Saa tano usiku ni dakika 20. Saa kumi na moja jioni ni suala la uvumilivu.

Kwa hiyo hesabu ya mlango hadi mlango inakuwa hivi. Bajaji hadi uwanjani, dakika 20. Kuripoti mapema na kungoja, saa moja. Angani na vituo, kati ya dakika 50 na karibu saa mbili. Kupokea begi na kuingia mjini Dar es Salaam, saa moja kwa wastani wa kawaida. Jumla ni saa tatu hadi nne na kidogo. Katika hizo, muda ambao ndege inakwenda kwa mwendo wake kamili haufiki nusu.

Basi la kurudi lilitoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kituo kilichochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021. Kuhamishwa kwa kituo hicho kulisaidia mabasi na kuwaumiza abiria: basi sasa linaanza safari nje ya foleni, ila mtu anayetoka Kariakoo au Temeke hutumia saa nzima au zaidi kulifikia. Kutoka hapo barabara inapita Kibaha, Mlandizi, Ruvu na Chalinze, inageuka kaskazini kupitia Lugoba na Msata, inavuka Wami kwa daraja jipya, inaendelea Mkata na Kabuku hadi Segera. Mabasi mengine hukwepa Chalinze kwa kupita Bagamoyo na kuibukia Msata, na siku ya foleni ya Kibaha njia hiyo ina nafuu kubwa. Sheria inaliruhusu basi kilomita 80 kwa saa barabara ikiwa wazi na 50 kwenye makazi. Kama lingekwenda 80 mwanzo hadi mwisho bila kusimama, kilomita 350 zingekwisha kwa saa nne na dakika 20 na kidogo. Vijiji, mizani, askari wa usalama barabarani, chakula na abiria wa njiani huongeza saa mbili. Muheza machungwa huuzwa dirishani, na kuanzia hapo harufu ya hewa hubadilika. Watu huanza kupiga simu nyumbani. Basi huishia Kange, na kutoka Kange hadi Raskazone ni kuvuka tena mji mzima.

Nauli ya basi ni sehemu ndogo tu ya tiketi ya ndege, na hilo ndilo linaloamua kwa wengi. Ila hesabu hiyo ina upande wa pili. Mtu mwenye shughuli ya saa mbili katika ofisi ya serikali Dar es Salaam, akienda kwa basi, atalala. Atalipia nyumba ya wageni, chakula na siku ya pili ya kazi. Wasifu wa zamani wa mji huu, waja leo waondoka leo, kwa safari ya Dar es Salaam unatimia kwa ndege au hautimii.

Inafaa kukumbuka kwamba usafiri wa anga wa pwani hii si mgeni. Kabla yake kulikuwa na mashua tu: mwanzoni mwa mwaka 1857, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipita hapa kwa chombo hicho kutoka Unguja, wakagusa Pemba, Mombasa, Tanga na Pangani, safari iliyowachukua majuma. Lakini katika miaka ya 1930 Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilikuwa tayari ikipeleka barua na abiria katika miji ya pwani, Tanga ikiwemo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege ndogo aina ya Dragon Rapide, kisha likaleta DC-3, na baadaye Fokker Friendship. DC-3 ilikwenda kilomita 270 au 280 kwa saa katika safari za kawaida. Tazama basi: ndege ya miaka ya 1950 na Caravan ya leo zimepishana kwa kilomita chache tu. Muda wa angani kati ya Tanga na Dar es Salaam haujapungua kwa maana yoyote kwa zaidi ya nusu karne.

Kilichobadilika ni ukubwa wa ndege, na kimebadilika kwa kurudi nyuma. Mkonge ulipokuwa na bei nzuri, Tanga ilikuwa na wafanyabiashara, mameneja wa mashamba na viwanda vya kutosha kujaza ndege kubwa kuliko ya watu 13. Bei ya mkonge ilianguka katika miaka ya 1960 nyuzi za viwandani ziliposhika soko, mashamba yakafifia, Shirika la Afrika Mashariki likavunjika mwaka 1977, na Shirika la Ndege la Tanzania lililorithi njia zake halikuwa na ndege za kutosha kwa kila mji. Uwanja ukabaki mdogo kwa sababu ndege ni ndogo, na ndege zikabaki ndogo kwa sababu uwanja ni mdogo. Mafuta ya Hoima na upanuzi wa bandari vimelirudisha suala la uwanja mezani.

Barabara ya pwani nayo itakuwa na sauti. Barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo imekuwa ikijengwa kwa vipande, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, ambako kwa miaka mingi magari yamevushwa kwa kivuko kati ya mji wa Pangani na Bweni. Njia hiyo inaifuata njia ya ndege kwa karibu kuliko ilivyowahi kufanya barabara yoyote ya lami, na ikikamilika yote itakula sehemu ya faida ya ndege, ingawa ndani ya hifadhi magari hayataruhusiwa kukimbia.

Mombasa ni kisa tofauti. Kilomita 130 za angani zingekuwa dakika 35 kwa Caravan, lakini hakuna ndege ya ratiba ya moja kwa moja. Anayetaka kuruka analazimika kushuka kwanza Unguja au Dar es Salaam, atafute ndege ya kimataifa, na kuupita mji wake tena akiwa angani. Barabara inamshinda kwa mbali. Kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kilomita 65 za lami, na kutoka Lunga Lunga, upande wa pili wa mpaka, hadi Mombasa ni kama 100. Mpakani kuna pasipoti au hati ya kusafiria, cheti cha homa ya manjano kikiulizwa, na mwishoni kuna kivuko cha Likoni, au barabara ya Dongo Kundu kwa asiyetaka kuvuka kwa kivuko. Kwa gari dogo ni asubuhi moja.

Kwa Pemba hali inageuka juu chini. Hakuna barabara baharini, na meli ya abiria, ikiwemo ile ya Azam Sealink inayounganisha Unguja, Pemba na Tanga, haiendi kila siku na huchukua saa kadhaa kuuvuka mkondo. Ndege ni dakika 25. Hakuna njia nyingine kutoka Tanga ambayo ndege inaokoa muda mwingi hivyo kwa kilomita chache hivyo, wala ambayo bei ya tiketi inajitetea vizuri zaidi. Basi anayekwenda Mombasa apande gari. Anayekwenda Pemba na ana uwezo apande ndege, na mwenye gari au shehena angoje meli. Na anayekwenda Dar es Salaam aulize swali moja kabla ya kulipa: ndege ya siku hiyo inatua wapi na wapi?